Ofisi ya mawakili wa ajira karibu na Nyayo: tathmini ya fundi wa ndege aliyepunguzwa kazini na kuitwa tena

Ofisi hii, iliyo ghorofa ya tatu karibu na Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, hushughulikia migogoro ya kazi ya kila aina, lakini tathmini yangu ni ya fundi wa ndege na nimeiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa viwanja vya ndege vya Embakasi na Wilson. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Nilikwenda kwao kwanza mwajiri wetu alipoanza kupeleka ndege zake nje ya nchi kwa ukaguzi mkubwa, hanga yetu, yaani jengo la kutengenezea ndege, ikabakiwa na kazi ndogondogo za usiku, na majina yetu yakaanza kupangwa kwenye orodha ya watakaopunguzwa. Nilirudi baadaye nikiwa na barua ya kuitwa tena kazini, na huduma niliyoipata safari hiyo ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu.

Kuhusu kupunguzwa kazini, walinieleza mambo sahihi ambayo wakili yeyote anayeijua Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 angeyaeleza. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, au kwa mfanyakazi mwenyewe na afisa huyo ikiwa si mwanachama; achague wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi pamoja na ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa kila mmoja; kisha alipe likizo iliyosalia na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Walichoongeza wao ni hesabu. Wakili alichukua mfano wa mshahara wa shilingi 120,000 na utumishi wa miaka 11 na miezi minane, akaifuta ile miezi minane kwa mstari mmoja wa kalamu, halafu akapiga hesabu mara mbili: mshahara ukigawanywa kwa siku 30, fundi anapata shilingi 660,000, ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, zinazidi 761,000. Wachache wetu huuliza mwajiri amegawanya kwa ngapi, na pengo hilo linatosha kulipia karo ya mtoto.

Upungufu wao uko katika mambo ya hanga. Ilinibidi nieleze kwamba hanga inapopoteza aina moja ya ndege, fundi ambaye leseni yake imeidhinishwa kwa aina hiyo peke yake huonekana hana kazi hata kama ametumikia miaka mingi kuliko wenzake, na kwamba hapo ndipo kigezo cha ujuzi hukimeza kigezo cha muda. Vilevile hakuna aliyenikumbusha kuhusu kitabu cha kumbukumbu za kazi. Mwenye leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, anatakiwa awe amefanya kazi yenyewe angalau miezi sita katika miezi 24 iliyotangulia ndipo aweze kuendelea kusaini kwamba ndege iko tayari kuruka, na ushahidi wa kazi hiyo ni kurasa zilizotiwa sahihi na wasimamizi. Ukisharudisha kitambulisho cha uwanja wa ndege huwezi tena kuingia hangani kumtafuta msimamizi wa zamu akutilie sahihi. Walinihimiza nidai cheti cha utumishi, ambacho ni haki ya kila mfanyakazi, lakini cheti hicho hakitaji hata vali moja ya injini uliyoibadilisha. Ofisi inayojitangaza kwa wafanyakazi wa ndege ingefaa kulijua hilo.

Barua ya kuitwa tena ndiyo iliyoonyesha thamani yao. Wengi wetu huikimbilia ofisi ya wakili tunapofukuzwa, ila tunapoitwa tunatia sahihi getini kwa furaha. Barua yangu ilikuwa ya kurasa mbili, ikitaja hanga mpya na mshahara ambao haukuwa mbaya, nami nilianza kwa kuuliza kama mshahara huo ungeweza kuongezwa kidogo. Wakili, mama wa makamo asiyekuwa na haraka, alinijibu, "Fundi, mshahara tutaufikia. Nionyeshe kwanza tarehe."

Alikuwa akitafuta tarehe ambayo utumishi usiokatika unahesabiwa kuwa umeanza, kwa kuwa kifungu cha 10 cha sheria hiyo ya ajira kinataka ionyeshwe katika maelezo ya ajira. Iliyoandikwa ilikuwa ya mwezi uliofuata. Aliipigia mstari, akashuka hadi aya ya majaribio ya miezi sita, akaniuliza kama nilijua kwamba katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba. Yaani fundi aliyezeeka hangani angerudi akiwa mgeni, miaka yake yote ikiwa imefutwa, na hanga mpya ikikosa ndege angeondoka kwa wiki moja bila fidia yoyote ya maana. Aya ya tatu ilikuwa ya mafunzo: mwajiri angelipia kozi ya aina mpya ya ndege, nami ningeirudisha gharama yote ikiwa ningeondoka kabla ya miaka miwili. Haikusema lolote kuhusu atakayeondolewa na mwajiri mwenyewe, na wakili aliandika pembeni sentensi ya kuliziba tundu hilo.

Alinieleza pia, bila kunipamba, kwamba sheria yetu haimpi aliyepunguzwa haki ya kuitwa kwanza kazi zinaporudi, isipokuwa makubaliano ya chama na mwajiri yawe yameiweka. Katika mashirika makubwa ya Marekani, mikataba ya vyama vya mafundi huwa na orodha ya kuwaita watu kwa kufuata muda wa utumishi. Hapa mara nyingi tunategemea simu ya msimamizi. Nilipomuuliza kama mahakama haiwezi kumrudisha mtu kazini, alinitajia kesi ya wafanyakazi waliopunguzwa na Kenya Airways mwaka 2012: mahakama ya kazi iliamuru warejeshwe, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo. Nilipenda kwamba hakuniuzia matumaini, ingawa kesi ndiyo ingemletea ada kubwa zaidi.

Majibu ya simu ni ya kusuasua, na karani wa mapokezi hupanga watu watatu kwa saa ileile. Kikao cha kwanza ni shilingi 3,000, hulipwa kwa M-Pesa na risiti hutolewa papo hapo. Barua ya kumjibu mwajiri hutozwa kando na bei yake haikubandikwa popote, kwa hiyo iulize kabla wakili hajaanza kuandika. Jumamosi hufunga saa saba mchana. Anayetoka zamu ya usiku na afike kabla ya saa tatu, akiwa na nakala za barua zake zote, kwa sababu mashine yao ya kunakili ni mbovu.