CapCut na dagaa wa Kibirizi: naposti papo hapo mwaloni

Nawatengenezea video akina mama wanaouza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Mteja wa Dar hawezi kuwashika wala kuwanusa dagaa. Ananunua kwa macho, kwa hiyo ubora wa picha naupigania sana.

Naediti kwa CapCut, programu ya kuhariri video kwenye simu, na kilichonifunga nayo ni ile hatua ya mwisho. Video ikishatoka, vitufe vya kuirusha TikTok, WhatsApp na kwingine viko palepale. CapCut ni ya ByteDance, haohao wenye TikTok, hivyo ukigusa tu kitufe, video inafunguka TikTok ikisubiri maelezo yako. Asubuhi mzigo unashushwa, mama anakuambia, "Mwanangu, iweke sasa hivi, wasije wakaagiza kwingine." Hapo urahisi huu unalipa kweli.

Lakini usikimbilie kubonyeza. Dagaa walioanikwa ni maelfu ya vitu vidogo vinavyometameta, na simu ikipita juu yao kila nukta ya picha inabadilika. Picha za aina hii ndizo zinazoharibika zaidi video inapobanwa, na mitandao yote huibana tena ukishaposti. Ukiitoa kwa 720p, yaani ukali mdogo wa picha, dagaa wanakuwa kama uji. Mimi naweka 1080p, fremu 30 kwa sekunde, na kiwango cha data, yaani data inayotumika kwa kila sekunde ya video, nakipandisha hadi Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde). Dakika moja hapo ni kama MB 75, na CapCut inakuonyesha makadirio kabla hujaanza. 4K, ukali mkubwa zaidi ya huo, sioni haja yake: inamaliza bando, na mteja anatazamia kwenye simu.

CapCut inapokuwa inatoa video, iache skrini iwake na usihamie programu nyingine. Ile klipu yenye jina la CapCut inayojiweka mwishoni, ifute mapema.

Faili safi linabaki kwenye simu, na hilo ndilo la kupeleka WhatsApp na Instagram. Inaniuma nikiona mtu anaposti TikTok kisha anaipakua hukohuko ili aisambaze. Inarudi imebanwa, na nembo ya TikTok inarukaruka juu ya mzigo wa watu.

Muziki siweki kwenye CapCut. Akaunti ya biashara ya TikTok ina maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo, nachagua humo, na sauti naishusha ili mama asikike vizuri anapotaja bei.