Kutoa tinti kwenye miwani ya grinda, uzoefu wangu

Wakuu, mimi natengeneza mageti na grili hapa Dar, na miwani zinazopatikana kirahisi kwa mafundi ni zile nyeusi. Mchana ukiwa nje ziko poa sana ila jioni ukiingia bandani huoni hata mstari wa chaki uliochora kwenye bomba, na fundi asiyeona anavua miwani, akivua tu ndo kipande cha chuma kinaruka jichoni. Nimeona watu wanapelekwa hospitali kwa hilo kwa hiyo naliongea kwa uchungu.

Mtaani kila mtu ana dawa yake ya kutoa tinti, huyu anasema jiki, yule thina, mwingine dawa ya meno. Nikachukua miwani za zamani ambazo sizivai tena, kila lenzi nikaipa dawa yake na moja nikaiacha bila kuigusa ili nilinganishe.

Dawa ya meno haitoi kitu, inachubua tu mpaka lenzi inakuwa na ukungu. Jiki nililaza lenzi usiku kucha, ile yenye mng'ao wa kioo kwa juu ikabanduka mabaka mabaka, lakini chini yake weusi ukabaki vilevile! Thina ndo mbaya kuliko zote, lenzi iligeuka maziwa ikatoa vinyufa vidogo vidogo kama utando wa buibui, nikaikunja kwa mikono ikakatika pap. Ile ambayo sikuigusa nikaikunja hivyohivyo, ikapinda ikarudi, haikukatika. Hapo nikaelewa kabisa kwamba ukiipaka thina unaua ile nguvu uliyoilipia, maana lenzi hizi ni za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, na polikaboneti haipatani na thina wala asetoni hata kidogo.

Na weusi hautoki kwa sababu kwenye miwani nyingi za kazi rangi inachanganywa humohumo kwenye plastiki kabla lenzi haijamwagwa kwenye kalibu. Kwangua kidogo pembeni kwa kisu uangalie, ukikuta weusi umeingia mpaka ndani basi acha, hakuna dawa ya kuutoa.

Nilienda pia kwa fundi wa miwani Kariakoo, huyu nampa heko. Alikataa kabisa kuigusa miwani ya grinda, ila miwani yangu ya kusomea ya rangi ya kahawia alinitolea rangi vizuri, imebaki na umanjano kwa mbali tu. Akanielekeza kwamba lenzi za plastiki ya CR-39 zinatiwa rangi kwa kuloweshwa kwenye maji ya moto ya nyuzi tisini na kitu, rangi inaingia kwenye ngozi ya juu tu, ndo maana ipo dawa ya kuivuta itoke. Sasa hiyo usijaribu na sufuria nyumbani jamani, lenzi zinapinda na namba ya miwani, ile nguvu ya kuonea, inaharibika.

Mwisho nikanunua miwani nyeupe, yaani zisizo na tinti, elfu tano tu, na nimezipenda kuliko nilivyotegemea. Kuna watu wanadhani nyeupe hazikingi mionzi ya jua, si kweli, polikaboneti yenyewe hata ikiwa nyeupe inazuia karibu yote ile ya UV, weusi unapunguza mwanga mkali tu. Ukinunua soma maandishi kwenye lenzi, zile za Ulaya zikiandikwa 2C-1.2 ni nyeupe, 5-2.5 au 5-3.1 ni za jua. Herufi F maana yake lenzi ya aina hiyo imepigwa kigololi cha chuma cha milimita 6 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde ikahimili, na za Marekani tafuta Z87+, alama ya kuhimili pigo. Isiyo na maandishi yoyote mimi siigusi, hata iwe bei chee.

Ila kuchomelea ni habari nyingine, hapo si nyeupe wala hizo nyeusi za jua, vaa helmeti yenye kioo cheusi cha kuchomelea cha namba 10 kwenda juu.

Nyeupe zinataka matunzo, vumbi la grinda likikaa juu usifute kwa tisheti, mwagia maji kwanza liondoke, tia sabuni kidogo, halafu ndo ukaushe na kitambaa laini. Zangu bado ziko safi na navaa kila siku.