Simu mbili, makofi mawili: tunapima kasi ya sauti kwa phyphox

Haya, mambo vipi familia, karibuni tena. Walimu wangu wa fizikia, shikamooni. Leo nina programu ya simu ambayo siku zote hizi mmekuwa mkiniambia "fanya video", na mimi nikisema nitafanya, nitafanya. Inaitwa phyphox. Imetengenezwa Ujerumani, Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, tangu 2016. Iko kwenye Android na iPhone, ni bure, na haina hata tangazo moja. Vingine mtasoma wenyewe mkishaipakua, mimi nina haraka ya kufika kwenye kitu kimoja tu.

Mnajua simu ina vihisi ndani yake, si ndiyo? Kipima mchapuko, sumaku, mwanga, maikrofoni. phyphox inavigeuza kuwa vifaa vya maabara. Laza simu mezani, fungua mchapuko wenye mvutano wa dunia, unaona hapo: 9.8 na vidogo vyake. Sawa, nzuri, tuendelee.

Njoo sasa hapa kwenye stopwochi ya sauti. Jamani! Hii inaanza kuhesabu ikisikia sauti kubwa, na inasimama ikisikia nyingine. Basi. Lakini angalia tunachofanya nayo. Nimeweka simu moja huku kwangu na nyingine kule kwa kaka yangu, katikati mita tano, nimepima na futi ya fundi. Zote ziko tayari. Mimi napiga kofi, pa! Yangu imeanza palepale, ya kaka imechelewa kidogo kwa sababu sauti imesafiri kwanza. Kaka, piga! Ya kwake imesimama palepale, yangu ikachelewa tena. Kwa hiyo yangu imezidi kwa muda wa sauti kwenda na kurudi. Soma hapo: yangu 2.316, ya kaka 2.287. Toa. 0.029. Mita kumi gawanya kwa hiyo, unapata 345 kwa sekunde.

Ukikokotoa kwa joto la leo, kama nyuzi 30, inatakiwa ifike 349 hivi, maana hewa ikiwa na nyuzi sifuri ni 331, na kila nyuzi inaongeza takribani 0.6. Tumekaribia kwa makofi tu!

Sasa subiri, usikimbie, hapa ndipo somo lilipo. Stopwochi inaonyesha hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ingesoma 0.028 badala ya 0.029, jibu lingeruka hadi 357. Tukisogeana mpaka mita moja ndiyo vituko: 0.005 inakupa 400, 0.006 inakupa 333. Mwanafunzi akiuliza "sasa lipi sahihi?", mwalimu, umeshinda. Mpeleke uwanjani, mita ishirini. Hapo tofauti inakuwa kama 0.115, na kosa la hiyo sehemu moja ya elfu halikutikisi tena. Ila kofi halifiki vizuri huko, gonga vibao viwili. Na kizingiti cha sauti ukipandishe, la sivyo bodaboda ikipita barabarani inakuanzishia saa. Ndiyo hiyo mnayoisikia nyuma yangu, naomba radhi.

Kuna mtu ataandika kwenye maoni, "PhET je?" Ile ya majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, aliyoianzisha Carl Wieman mwaka 2002. Kusema kweli nilikuja hapa nimejipanga kuiponda, kwamba ni katuni, mwanafunzi anasogeza kitufe na jibu linatoka safi mno. Lakini nikifikiria saketi za umeme, au atomu... simu itakupimia atomu? Haya, iacheni PhET kwenye kompyuta zenu. Ila kwa sauti na mwendo, mimi nabaki na hii.

Kinachoniudhi sasa. Unakwenda dukani, boksi la simu limejaa kamera, kamera, betri, kamera. Vihisi hawaandiki! Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kile kihisi cha mzunguko, na jaribio la pendulamu humu ndani linaitaka hiyo jairoskopu. Barometa, ya kupima mgandamizo wa hewa, ndiyo usiulize kabisa. Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji usakinishe phyphox palepale. Majaribio ambayo simu haiwezi yanaonekana yamefifia. Akikataa, nenda duka la jirani.

Na ule wimbo wa "wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni", naujua. Simu mbili za walimu zinatosha. Washa hotspoti, unganisha laptopu, ruhusu kwenye phyphox iendeshwe kutoka mbali, grafu inatokea kwenye kivinjari na projekta inaonyesha darasa zima. Grafu hiyo haili bando hata kidogo, maana data yake inapita kwenye hiyo hotspoti tu. Hii ningeanza nayo, eh? Muda umeniishia.

Wiki ijayo ni mpira unaodunda, tunasikiliza midundo na programu inatuambia mpira umepoteza nishati kiasi gani. Zile fulana mlizoulizia bado ziko kwa fundi, msinipigie. Sabskraibu, bonyeza kengele, halafu pima huko uliko, Mbeya, Nakuru, Mombasa, popote, uandike hapo chini umepata ngapi na joto lilikuwa nyuzi ngapi. Wa Mbeya nataka kuwaona, baridi yenu ile lazima itokee kwenye namba.