Simu au WhatsApp kwa duka la vipuri Lubumbashi

Duka la vipuri vya magari mjini Lubumbashi linalotaka kuwajibu wateja upesi lina njia mbili: kuongeza mpokea simu, au kuhamishia maswali WhatsApp. Simu humaliza jambo papo hapo, ila mhudumu mmoja humsikiliza mteja mmoja tu, na wengine huambiwa namba inatumika. WhatsApp Business, toleo la WhatsApp kwa wafanyabiashara lililotolewa mwaka 2018, huhifadhi majibu ya bei na saa za kazi, na fundi aliyeko Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, hutuma picha ya pampu iliyopasuka badala ya kuhangaika kuieleza. Ningechagua WhatsApp, mradi pawe na mtu wa zamu, kwani ujumbe uliosomwa ukaachwa huudhi kuliko simu isiyopokelewa.