Uzoefu wangu: Hazina ya chuo iliyozivunja herufi za tendi zetu

Kama tasnifu yako ina hata ubeti mmoja ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, nakusihi usiipakie katika hazina ya kidijitali ya chuo nilichosomea kabla hujasoma haya. Chuo chenyewe sikitaji, kwa kuwa cheti changu bado kiko mikononi mwao.

Kujaza fomu hakukunisumbua. Nilikaa barazani kwetu Mkomani, nikaandika ikisiri na maneno muhimu, nikakubali leseni inayokiruhusu chuo kuisambaza kazi huku hakimiliki ikibaki yangu, nikapakia faili, na mtandao wa Lamu, ambao una siku zake, haukukatika.

Balaa lilikuja baada ya kazi kupitishwa. Mfumo wao hubandika jalada lenye nembo ya chuo mbele ya kila tasnifu, kisha huihifadhi faili upya, na katika kuhifadhiwa huko beti zote zikaharibika. Anayezisoma hati hizi anajua kwamba herufi hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo katika neno, na kwamba nyingi huungana na jirani zake. Katika nakala yao kila herufi imesimama peke yake, mstari unaanzia kushoto, na zile ambazo wazee wetu waliziongezea nukta tatu ili ziandike sauti za p na ch zimegeuka visanduku vitupu. Faili niliyoipakia, yenye fonti zote ndani yake, inafunguka sawasawa hata katika simu kuukuu ya mpwa wangu.

Mwandishi hawezi kuigusa kazi ikishapitishwa, basi nikampigia simu mkutubi anayehusika. Nilimsalimu kwa adabu, nikamwita mzee wangu, nikamweleza. Akanijibu, "Bwana, hayo ni maandishi ya Kiarabu tu. Msomaji wa Kiswahili atasoma hizo herufi za Kirumi zilizo chini." Kisha akakata simu.

Kiarabu tu! Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 uliandikwa kwa hati gani, kama si hizi? Miswada ya Msikiti wa Riyadha hapa mjini imepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, watu wa mbali wakaiona kuwa ni mali, na chuo cha nchi yetu wenyewe kinaniambia kwamba matini niliyoitafiti ni pambo juu ya unukuzi wake. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilitaka mtu yeyote aweze kusoma, kupakua na kunakili kazi za kitaaluma bila kulipa. Nani atanakili visanduku?

Nikiri, hata hivyo, kwamba hazina hiyo imenifaa pia. Kazi yangu ilipata kiungo cha kudumu, ikaanza kuonekana katika Google Scholar, na mwalimu mmoja wa Pate, ambaye asingemudu nauli ya kwenda kuisoma katika maktaba ya chuo, aliipakua akaniandikia maswali mazuri sana kuhusu vina. Kwa ajili yake ningesema wekeni kazi zenu, tena bila kusita. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa kama nimeziandika beti hizo mimi mwenyewe au nimempa mtu asiyejua hati, na nikilikumbuka swali hilo ushauri huo naufuta, maana aibu ile imebeba jina langu wala haikubeba la mkutubi.

Nimewaandikia barua pepe nikiomba jalada lao liondolewe na faili irudishwe kama nilivyoipakia, au angalau beti ziingizwe kama picha, jambo ambalo halihitaji mtaalamu. Sijajibiwa. Nakala mbovu ingali wazi kwa kila mtu, na anayetaka iliyo sahihi aniombe mimi nimtumie kwa WhatsApp.