TAHADHARI: Lehemu feki Luthuli, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia macho yakiwa wazi

Jameni, naandika nikiwa na hasira na aibu, na sijui ipi inanichoma zaidi. Mimi ndiye ninayewahubiria kila siku msinunue vitu kwa macho. Sawa, chekeni, mkimaliza msome.

Ile GBA (Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi) ninayoitengeneza mnaijua. Mnajua ni ya nani, na mnajua nilimwahidi nini. Zilibaki nyaya tatu tu, za vitufe vya L, R na Select, ili mwanga wa kioo kipya cha IPS (skrini yenye taa yake) uongezwe na kupunguzwa kwa vitufe hivyo. Lehemu yangu ilikuwa imeisha, basi Jumamosi nikateremka Luthuli, Nairobi.

Yule jamaa hakuniita. Hilo ndilo lililonimaliza. Wengine wote wananivuta mkono, "bosi njoo, bosi unatafuta nini", yeye ameinamia bodi ya simu, miwani puani, hata kichwa hainui. Nikajiambia huyu ni fundi, si mchuuzi. Nikamwuliza kama ana lehemu ya 63/37 (bati 63, madini ya risasi 37) ya milimita 0.8. "Ya kazi gani?" Nikamwambia. Akacheka kidogo, akasema hizo GBA za 2001 kioo chake hakikuwa na taa, ilibidi acheze amekaa dirishani. Jameni, mtu anayejua habari ya dirisha utamshuku vipi?

Halafu akanionyesha. Akachukua roli iliyokuwa pale mezani, akagusisha chuma cha kulehemu, ikayeyuka papo hapo, ikatandaa juu ya shaba, moshi mwembamba wa ulimbo ukapanda. Akaondoa chuma, ikaganda inang'aa kama jicho la samaki mbichi. "Umeona?" Nimeona. Nikaomba moja. Akainama chini ya kaunta, akatoa nyingine, imefungwa kwa nailoni, lebo ileile, rangi ileile. Akaongeza kikopo cha fluksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, "hii nakupunguzia kwa sababu wewe ni mtu wa gemu." Shilingi 1,200 na 600. Nikasema asante. ASANTE!

Tili, nambari ya malipo ya duka, ilikuwa "inasumbua", nitume kwa nambari ya simu. Jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke. "Ni la mke wangu, kaka." Nikabonyeza.

Nyumbani, chuma kiko nyuzi 350, waya haujali. Nikapandisha 380. Nikapandisha 420. Na 63/37 huyeyuka kwa nyuzi 183! Ilipokubali ikawa kama uji uliolala, ikajikunja kibonge cha kijivu, ikakataa kushika. Nikaongeza fluksi, ikatoa mvuke ulionikaba koo. Nikang'ang'ana kwa ukaidi, nikabonyeza zaidi, na pedi ya Select, kile kibati cha shaba waya unaposhikia, ikang'oka ikabaki imening'inia kwenye ncha ya chuma kama gamba la omena. Hapo kosa ni langu pia, najua, ningeacha palepale kwenye 350. Lakini nani anaacha, nyaya zimebaki tatu?

Asubuhi ya tatu nikakuta shaba ya kando ya L imeota kijani. Ile fluksi ni ya asidi, ya mafundi wa mabomba! Bomba litavumilia, bodi italiwa.

Nikakata ule waya kwa wembe, ndani hakuna kitundu cha ulimbo wa kusaidia kushika, chuma kitupu. Ukiusugua kwenye karatasi unaandika kama penseli, risasi imejaa humo kuliko bati. Lebo inasema gramu 100. Mizani ya bucha yetu ikasema 64, pamoja na plastiki yake. Mwenye bucha akaniuliza kama siku hizi nauza vyuma chakavu.

Jumanne nikarudi. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi ukutani, bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamkumbusha habari ya GBA. Akaniangalia usoni bila kupepesa: "GBA ni nini?"

Sitaki apigwe. Nataka KEBS, wale wa viwango vya bidhaa, waje na lori wabebe kila kilicho chini ya ile kaunta, na yeye ahukumiwe kulehemu bodi mia moja kwa lehemu yake mwenyewe, madirisha yamefungwa, na kila pedi itakayong'oka ailipie. Na aombe tili yake isumbue kweli!

Dalili zilikuwepo, ndiyo. Jina la "mke". Kikopo kina picha ya bodi lakini hakuna mahali pameandikwa ni fluksi ya nini. Na ile roli ya mezani haikuwa ya kuuzwa. Mkienda, yeyusheni ileile mnayobeba. Akikataa kuifungua, tokeni.

Bodi nimeisugua kwa spiriti na mswaki mara nne. L inajibu, Select bado. Mwenye bodi ya GBA iliyokufa, hata yenye kutu, anitafute kabla ya Ijumaa. Mwenye hii GBA anakuja Ijumaa na bado sijamwambia.