Severndroog: mnara wa mjane juu ya Shooters Hill

Waswahili wenzangu wa Woolwich na Plumstead, hapa kusini-mashariki mwa London, mkiwa na mgeni na mmechoka kumpeleka madukani Oxford Street, mpandisheni Shooters Hill mkaone Severndroog Castle. Jina ni la ngome, ila ni jengo la pambo, la mtindo wa Kigothi, lililojengwa kwa matofali mwaka 1784 katikati ya miti. Lina pembe tatu, na kila pembe ina kimnara cha pande sita. Madirisha yana matao yaliyochongoka, na ukingo wa juu una meno-meno.

Nilikwenda na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Akauliza, "Mwanangu, humu alikaa mfalme gani?" Hakukaa mfalme. Lady James aliujenga kumkumbuka mumewe, Sir William James, aliyefariki mwaka 1783. Bwana huyo aliongoza merikebu za kivita za Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza, na mwaka 1755 aliiteka ngome ya Suvarnadurg, pwani ya magharibi ya India. Jina la mnara limetoka huko.

Shangazi amekulia Mji wa Kale, Fort Jesus ikiwa jirani yake. Akasema, "Kumbe bahari yenyewe ni hii yetu."

Ndiyo maana nawaomba msome jiwe lililo juu ya mlango. Linamsifu James kwa ushujaa wake. Walioilinda ngome ile, watu wa Tulaji Angre, mkuu wa wanamaji wa pwani ile, hawatajwi hata kwa neno moja, na mimi hilo liliniuma. Upendo wa mjane naamini ulikuwa wa kweli. Shangazi, naye mjane, alilishika lile tofali la mlangoni kwa heshima.

Ngazi ni 86, nyembamba na za kuzunguka, kwa hiyo mwenye magoti mabovu abaki chini anywe chai. Juu ndipo penye raha: Thames, maghorofa ya Canary Wharf, na upande wa pili vilima vya Kent. Si ajabu Jenerali William Roy aliutumia mnara huu katika kazi yake ya upimaji wa ardhi.

Ulifungwa mwaka 1988, ukafunguliwa tena 2014 baada ya ukarabati, na leo unaendeshwa na watu wa kujitolea. Wanastahili pongezi. Hawafungui kila siku, basi ulizeni kwanza, na msivae viatu vyepesi. Njia ya msituni ina matope.